Kusoma uhasibu, fedha na uongozi wa biashara Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia kuomba chuo hadi mtihani wa bodi

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nimepanga chumba Ng'ong'ona. Chini ya mwarobaini, mbele ya nyumba, kulikuwa na mama aliyekaanga chipsi kuanzia saa kumi jioni. Siku moja, akinihesabia chenji, akaniuliza: "Mwanangu, wewe si unasoma uhasibu? Hebu niambie, mbona nauza kila siku, viazi vinaisha, lakini hela siioni?" Nilikuwa nimeshafaulu kozi mbili za uhasibu kwa B+. Leja, yaani kitabu cha akaunti, nilijua kuichora; urari, yaani orodha ya kupima kama debiti na krediti zinalingana, nilijua kuufunga, lakini swali lile lilinishinda. Nilimwomba mama anipe hadi kesho, nikaingia chumbani nimefadhaika.

Jibu lake lipo chini, kwenye hatua ya saba. Nimeanza naye kwa sababu ndiye aliyenionyesha namna ya kusoma shahada hii: kila unachofundishwa asubuhi, kipeleke jioni kwenye daftari la mtu anayeuza kitu kweli. Mengine yote nitakayoeleza hapa, yaani kuomba chuo, mkopo, GPA (wastani wa alama zako), fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) na bodi ya wahasibu, ni ya lazima na yana mitego yake. Ila lile la daftari ndilo lililonifanya mhasibu.

Hatua ya kwanza: chagua kozi, kisha chuo

Wengi hujaza "biashara" kana kwamba ni kitu kimoja. Mhasibu anashughulika na kilichokwisha kutokea: anakirekodi, anakipanga, anakitolea taarifa, na akiwa mkaguzi anathibitisha kwamba taarifa hiyo ni ya kweli. Mtu wa fedha anatazama mbele: mtaji utoke wapi, kwa riba gani, uwekezwe wapi, na tukikosea tutapoteza kiasi gani. Uongozi wa biashara ni mpana, una watu, masoko, uzalishaji na sheria, kila kimoja kwa kiasi. Ununuzi na ugavi ni njia yake peke yake, na ina bodi yake ya kitaaluma.

Kama moyo wako haujaegemea popote, ushauri wangu ni uhasibu. Mhasibu akitaka kuhamia fedha, mlango uko wazi; aliyesoma masoko akitaka kuhamia uhasibu, atarudi nyuma hatua kadhaa. Uongozi wa biashara namshauri mtu ambaye tayari ana biashara, yake au ya familia, inayomsubiri. Huyo ataitumia kila kozi.

Kwa vyuo, kanda ya kati haina uhaba. Chuo Kikuu cha Dodoma, pale kwenye vilima vya Chimwaga, kilianza mwaka 2007 na kina shahada za biashara katika uhasibu, fedha, masoko na nyinginezo. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, na kampasi yake ya Dodoma ipo tangu 1983. Chuo Kikuu cha St. John's kiko kwenye majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Chuo cha Mipango kinafaa kwa anayependa fedha za maendeleo na upangaji wa uwekezaji. Ukiwa Singida, Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi hapo hapo. Na kwa anayeanzia stashahada huku akiwa na nia ya kufanya kazi halmashauri, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo.

Kabla ya kuamua, nenda chuoni siku ya kawaida ya masomo, usiende siku ya maonyesho. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili chini ya mti au kantini, uwaulize mambo matatu: nani anafundisha uhasibu wa mwaka wa kwanza na kama ana CPA, yaani ni mhasibu aliyeandikishwa na bodi, semina zina watu wangapi, fildi wanajitafutia au wanasaidiwa. Majibu yao yatakusaidia kuliko kipeperushi chochote.

Hatua ya pili: pima sifa zako, kisha omba

Kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, C na E zinatosha, ila D na E ni pointi 3 na mlango umefungwa. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kila kozi ina masharti ya ziada, na kozi za uhasibu na fedha mara nyingi huangalia hisabati: kama hukusoma hisabati kidato cha tano na sita, wataitazama ya kidato cha nne. Aliyesoma ECA (uchumi, biashara, uhasibu) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati) huwa hana wasiwasi. Wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) asome masharti ya kozi mstari kwa mstari kabla ya kulipa ada ya maombi.

Mwenye stashahada anahitaji GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa angalau masomo manne kidato cha nne. Huyu ana kazi moja ya ziada, kupata namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Aianze mapema. Nimeona watu wenye GPA nzuri wanakosa dirisha la kwanza la udahili kwa sababu ya namba hiyo tu.

Maombi unayatuma chuo kimoja kimoja, kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka, wa kidato cha sita na wa wenye stashahada kila mmoja peke yake. Pakua wa mwaka wako, usitumie wa kaka yako. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri kwenye simu ya kuthibitisha chuo kimoja tu. Kwa hiyo laini uliyoandikia maombi iwe yako na iwe hewani. Usiandike namba ya mjomba anayesafiri.

Hatua ya tatu: mkopo

Bodi ya Mikopo, HESLB, inapokea maombi kwenye mtandao kila mwaka, na ada ya maombi ni shilingi 30,000. Nitakuwa mkweli kwako: kozi za biashara hazimo kwenye kundi la kwanza la vipaumbele, wapo mbele yako wa afya na walimu wa sayansi. Ndiyo maana nyaraka zako zinatakiwa ziwe safi zaidi ya za mwenzako.

Makosa yanayoangusha waombaji ni madogo madogo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo haufanyiki siku moja. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilingane na la kidato cha nne. Kama moja ni "Mohamed" na jingine "Muhammad", shughulikia hilo kabla dirisha halijafunguliwa. Omba kwa namba ile ile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Ukurasa wa kusainiwa upite kwa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, kisha uukague mwenyewe: sahihi ipo, muhuri upo, tarehe ipo, picha haijakatika wakati wa kuskani.

Ukipata, fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, huja kwa mafungu, si kwa siku, na hapo ndipo somo lako la kwanza la fedha linapoanzia. Siku likiingia, ligawe kwa idadi ya siku linazotakiwa kufikisha, fedha ya kila wiki iweke peke yake, iliyobaki usiiguse. Na ujue tangu sasa kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Ni deni, na mhasibu halichukulii deni kama zawadi.

Hatua ya nne: kufika na kukaa

Hili nalipita haraka. Mwaka wa kwanza omba hosteli ya chuo kama ipo. Geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, lina uhuru lakini mwaka wa kwanza unahitaji usingizi na watu wa kuwauliza. Nunua ndoo yenye mfuniko na madumu mawili, kwa sababu maji Dodoma hayakusubiri. Chukua sweta hata kama umetoka Tanga: upepo wa Juni na Julai hapa unaingia hadi mifupani. Kampasi ya Chimwaga ni pana, kwa hiyo viatu vya kutembelea ni vifaa vya masomo.

Hatua ya tano: debiti na krediti, kwa penseli

Hapa ndipo watu wanapotengana. Ukielewa maingizo mawili, yaani kuandika kila tukio mara mbili, debiti na krediti, ndani ya wiki sita za kwanza, miaka mitatu itakuwa ya kazi nzito lakini yenye nuru. Ukiyakariri bila kuyaelewa, utakuwa unahama na madesa, yaani notisi za kukariri, kutoka semesta moja hadi nyingine.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliuchapisha Venice mwaka 1494, akieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza vitabu vyao. Wazo lake halijabadilika: kila shilingi ina mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda, na unaandika pote pawili. Mama wa chipsi akinunua mafuta ya shilingi 18,000, fedha taslimu imetoka 18,000, hiyo ni krediti. Mafuta yameingia ya 18,000, hiyo ni debiti. Akimkopesha mwanafunzi sahani ya shilingi 2,500, hakuna noti iliyoshikwa, lakini tukio limetokea: mdaiwa anaandikwa debiti, mauzo yanaandikwa krediti.

Jambo moja linawachanganya karibu wote, na mimi lilinichanganya mwezi mzima. Mwalimu anasema fedha ikiingia benki unaandika debiti. Unapata ujumbe wa benki: akaunti yako imewekewa krediti ya 50,000. Nani mwongo? Hakuna. Benki inaandika kwenye kitabu chake yenyewe, si chako. Soma taratibu: wewe ndiye unayeidai benki, kwa hiyo kwenye kitabu chake wewe ni deni, na deni likiongezeka ni krediti. Ukilishika hilo, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kitabu chako na taarifa ya benki, utakuwa mwepesi kwako.

Fanya mazoezi kwa penseli, kwenye daftari la mistari, si kwa kutazama majibu ya mwenzako. Siku urari wako hautalingana, usifute kila kitu. Chukua tofauti uifanyie vipimo viwili. Kwanza igawe kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho kwenye leja: huenda umekiandika upande usio wake, ndiyo maana kimehesabiwa mara mbili. Usipokiona, gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda umegeuza tarakimu. Kwenye jaribio langu la kwanza tofauti ilikuwa 27,000. Nilihangaika nayo saa nzima hadi muda ukaisha. Nilikuwa nimeandika 36,000 mahali pa 63,000. Mwaka mmoja baadaye, mzee mmoja aliyestaafu uhasibu, tukiwa tumekaa Nyerere Square, ndiye aliyenifundisha kipimo cha 9. Aliangalia ile 27,000 mara moja akasema, "Kijana, hapo umepindua namba."

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na mtihani utaujibu kwa Kiingereza. Hata hivyo, kila dhana mpya ieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kana kwamba unamweleza bibi yako. Uchakavu ni nini? Ni karai la mama lililonunuliwa kwa 60,000, litakalofanya kazi miaka mitatu kisha litoboke. Kila mwaka limekula 20,000 ya faida yake, ingawa hakuna aliyemlipa mtu hiyo 20,000. Ukishindwa kueleza hivyo, bado hujaelewa, hata kama sentensi ya kitabu umeimeza yote.

Hatua ya sita: ifahamu hesabu ya GPA kabla haijakukuta

Shahada ya miaka mitatu ina uzito usiopungua krediti 360, kama 120 kwa mwaka (hizi ni vipimo vya uzito wa kozi, si ile krediti ya leja). Kila kozi ina uzito wake, na daraja lina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi kwa uzito, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya uzito. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu linaanzia 3.5, la pili la chini 2.7.

Tazama jinsi uzito unavyofanya kazi. Una kozi mbili tu: uhasibu wa gharama yenye krediti 12 na stadi za mawasiliano yenye krediti 6. Umepata B kwenye ya kwanza na A kwenye ya pili: 36 na 30 ni 66, gawa kwa 18, unapata 3.66. Sasa geuza, A kwenye uhasibu na B kwenye stadi: 60 na 18 ni 78, gawa kwa 18, unapata 4.33. Herufi ni zile zile, juhudi huenda ni ile ile, lakini umeziweka mahali tofauti. Mwanzo wa kila semesta andika uzito wa kila kozi kwenye karatasi, ibandike ukutani, na muda wako wa msuli, yaani wa kujisomea, uufuate uzito huo.

Jambo jingine ambalo halisemwi mapema: vyuo vingi hukata GPA kwenye desimali moja bila kuikadiria juu. Aliyepata 4.39 anaandikiwa 4.3. Kwa hiyo alama za majaribio na kazi za darasani, ambazo kwa kawaida ni 40 kati ya 100, usiziache zianguke wiki za mwanzo ukidhani mtihani wa mwisho utazifidia. Wengi waliokula sapu, yaani waliorudia mitihani, na hata waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, hawakuwa wazito kichwani. Walichelewa kuanza.

Hatua ya saba: tafuta daftari la mtu

Mwishoni mwa semesta ya kwanza, tafuta mfanyabiashara mmoja mdogo anayekuamini, umwombe umtunzie hesabu bure kwa miezi mitatu. Awe mama ntilie, fundi cherehani, kinyozi, muuza nyanya wa Soko la Majengo, au mweka hazina wa VICOBA ya mtaani kwenu. Nenda kwa adabu, eleza kwamba unajifunza, na umhakikishie kwamba mambo yake hayatatoka nje. Siri ya mteja ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu, na inaanzia hapo.

Sasa lile swali la mama. Siku ya pili nilikaa naye tangu alipowasha mkaa hadi alipofunga, nikiandika. Alianza na 50,000 mkononi. Alinunua viazi vya 16,000, mafuta lita tatu kwa 18,000, mayai trei moja kwa 9,000 na mkaa wa 4,000, jumla 47,000. Aliuza 78,000, lakini katika hizo 6,500 zilikuwa za wanafunzi waliosema "mama, niandikie". Katikati ya jioni mwanawe alikuja, akampa 5,000 ya daftari za shule. Alipofunga, lita moja ya mafuta, ya 6,000, ilikuwa imebaki.

Faida yake ya siku ile: mauzo 78,000, toa vitu vilivyotumika. Alinunua vya 47,000, yamebaki mafuta ya 6,000, kwa hiyo vilivyotumika ni 41,000. Faida ni 37,000. Fedha mkononi: 50,000, jumlisha 71,500 alizopokea, toa 47,000 na 5,000, zinabaki 69,500. Yaani mkono wake umeongezeka 19,500 tu, wakati faida ni 37,000. Zile 17,500 zimekwenda wapi? 6,500 ziko kwa wanafunzi, 6,000 ziko kwenye dumu la mafuta, 5,000 ziko kwenye mkoba wa mtoto wa shule.

Nilipomwonyesha, alikaa kimya akiangalia karatasi, kisha akasema, "Kumbe hela zangu zipo, ila zimetawanyika." Tangu siku ile sikuhitaji kukariri tofauti ya faida na fedha taslimu. Taarifa ya mtiririko wa fedha, iliyowatoa jasho wenzangu mwaka wa tatu, kwangu ilikuwa ni ile karatasi ya mama ikiwa na namba kubwa zaidi.

Kwa daftari hilo hilo utafanya mengi. Ukisoma uhasibu wa gharama, tafuta anahitaji kuuza sahani ngapi kabla hajarudisha kodi ya kibanda. Ukisoma fedha, pima kama mkopo wa kikundi wenye riba ya kila mwezi unamfaa au unammaliza. Ukisoma masoko, muulize kwa nini Jumatatu hana wateja.

Hatua ya nane: itumie Dodoma

Mwanafunzi wa uhasibu anayesoma Dodoma amekaa jirani na kazi yenyewe, na inaniuma nikimwona anamaliza miaka mitatu bila kunyanyua macho. Bajeti ya nchi inasomwa hapa, bungeni, mwezi Juni, na mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Soma hotuba ya bajeti kwa jicho la kozi yako ya kodi: nini kimebadilishwa, nani atalipa zaidi, mfanyabiashara wako mdogo ataguswa wapi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humfikia Rais kabla ya mwisho wa Machi na kisha huwasilishwa bungeni. Ziko wazi, na zipo za Kiswahili. Chukua sura moja tu, soma hoja kumi za ukaguzi, na kwa kila hoja jiulize: ni udhibiti gani haukuwepo? Malipo bila hati, stoo bila leja, mkataba bila saini: utakutana nayo yote. Hakuna kitabu cha ukaguzi kinachofundisha vizuri kuliko hizo kurasa.

Kisha kuna zabibu. Karibu kila kitabu cha viwango vya kimataifa vya uhasibu kina mifano ya mbali, lakini mfano mzuri kabisa wa kiwango cha kilimo, IAS 41, uko Hombolo na Mpunguzi. Mzabibu wenyewe unazaa miaka mingi, kwa hiyo tangu marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2016 unahesabiwa kama mtambo, chini ya IAS 16, kiwango cha mitambo na majengo, na unachakaa. Zabibu zinazoning'inia juu yake ni mali hai, zinapimwa kwa thamani ya soko kutoa gharama za kuuza. Zikishavunwa na kuingia kiwandani, zinakuwa bidhaa za stoo, kiwango kingine tena. Mmea mmoja, viwango vitatu. Nenda shambani wakati wa mavuno, muulize mkulima bei ya kilo na gharama ya nguzo na dawa, urudi uandike hesabu zake. Tanzania inatumia viwango hivi tangu mwaka 2004, kwa hiyo si habari za ughaibuni. Na ukitaka kuona bei ikipanda na kushuka mbele ya macho yako, panda basi hadi soko la mahindi la Kibaigwa.

Hatua ya tisa: kompyuta na fildi

Jifunze Excel mapema, na uijue kweli: fomula za masharti, kutafuta taarifa kwenye jedwali, majedwali ya muhtasari. Ijaze kwa namba za yule mfanyabiashara wako. Programu ya uhasibu, iwe Tally au QuickBooks, ifuate baadaye. Asiyeelewa leja atabonyeza vitufe tu.

Barua za kuomba fildi zipeleke miezi miwili au mitatu kabla, kwa mkono, ukiwa umevaa vizuri, na ukariri jina la idara unayoiomba. Ofisi moja niliyopangiwa ilinifanya mbeba mafaili kwa wiki tatu. Nilikasirika, lakini niliomba ruhusa ya kuyapanga mafaili yale kwa tarehe, na katika kuyapanga nikasoma hati za malipo zaidi ya mia mbili: nani anaomba, nani anaidhinisha, stakabadhi inafungwa wapi, ya mashine ya kodi inatofautianaje na ya mkono. Wiki ya nne mhasibu wa pale aliniita nimsaidie usuluhishi wa benki. Ukipewa mafaili, yasome. Serikalini uliza pia kuhusu MUSE, mfumo wa malipo, na NeST, mfumo wa ununuzi. Hata kuutazama tu mtu akiufanyia kazi ni faida.

Hatua ya kumi: utafiti na bodi

Mada ya utafiti iwe ndogo na ya karibu. "Mchango wa taasisi za fedha katika maendeleo ya Tanzania" itakuua. "Utunzaji wa kumbukumbu na upatikanaji wa mikopo kwa wauza mboga wa Soko la Majengo" unaweza kuimaliza, na watu wa kuwahoji unawafahamu kwa majina.

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mwenye shahada ya uhasibu anaanzia ngazi ya kati, kisha ngazi ya mwisho, na pamoja na kufaulu anahitaji miaka mitatu ya uzoefu wa kazi ndipo aandikishwe kuwa CPA. Mitihani mikuu ni Mei na Novemba. Ukiwa mwaka wa tatu, chukua silabasi ya bodi uilinganishe na madesa yako, ukiweka alama kwa penseli: hiki nimesoma, hiki sijakigusa. Utakuta mengi umeshayasoma na bado yako moto kichwani. Ukisubiri hadi uajiriwe ndipo uanze, utakuwa unasoma saa nne usiku baada ya kazi, huku viwango vingine vimeshabadilika.

Mtihani wa kwanza baada ya kuhitimu usichukue masomo mengi kuliko unayoweza kuyamaliza. Pakua mitihani iliyopita, funga mlango, weka muda wa masaa matatu kwenye simu, andika mtihani mzima kwa kalamu, kisha usahihishe mwenyewe kwa wino mwekundu. Fanya hivyo kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Na peleka nakala ya vyeti, matokeo na kitambulisho kujisajili wiki zile za mwanzo dirisha likiwa wazi, kabla ada ya kuchelewa haijaanza kuhesabiwa.